Aliyekuja kunirekodi nikimchambulisha mama yake maharage

Leo nimeitwa mtesaji wa wazee. Hapa hapa Karatu, mchana kweupe 🙄

Nasoma tiba kwa vitendo chuo kikuu, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, niko hospitalini kwa mafunzo. Mgonjwa wangu ni mama mkulima wa kata ya Daa. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto. Nikampa sinia la maharage, achambue kwa mkono huohuo.

Akaingia mwanawe. Mwongoza watalii, miwani kichwani, simu inarekodi tayari.

"Yaani mama yangu anaumwa, mnamfanyisha kazi? Watu waone!"

Kaka, kila ukija unamlisha, unamvalisha, hadi chai unamkorogea. Eti ndio upendo. Mkono umebaki pambo!

Nikajaribu kumweleza. Wapi!

"We dada, mwanafunzi utanifundisha nini?"

Mama akanyoosha mkono, akampokonya simu, akaitumbukiza kwenye maharage.

"Hebu niache nimalize kuchambua."



Jamani, ulikuwa mkono wa kushoto. Wiki tatu naubembeleza ushike kijiko tu!

Mwanawe akaokota simu yake, akaondoka bila kuaga.

Sasa kaka, si ulitaka watu waone? Irushe basi hiyo video. Ila usikate pale mwisho.