Maana Aliyoichagua Mama

Mama yangu alikuwa hawezi kunywa kahawa na mtu kabla hajajua kwao wapi. Ndiyo ada ya watu wa Unguja, nasi tulihamia nayo Ghubra, mjini Maskati, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi. Basi jirani yetu mpya, mwalimu wa kike kutoka Iraki, hakumaliza wiki bila kuhojiwa. Ilikuwa miaka ya tisini.

Jirani alijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Mkurdi. Mama akataka kujua maana yake.

"Wengine husema ni mtu wa mahema, wengine shujaa," alisema jirani. "Kule Baghdad maana yake ni mtu wa kuchunguzwa. Kaka yangu yuko kule, wamemlazimisha ajiandikishe Mwarabu. Nami hapa ni Mwarabu. Nakuomba dada, neno hili libaki humu ndani."

Mama akaapa, na naamini alikusudia kweli. Tatizo lake alipenda watu kwa kelele.

Asubuhi moja wanawake wa mtaani walikuja kwetu kwa kahawa na vitumbua. Mmoja alifuatana na mgeni wake, mwanamke wa Baghdad, mpole, ambaye kazi ya mumewe hakuna aliyeijua. Mgeni alimsikiliza jirani yetu akizungumza, kisha akacheka kidogo, akasema Kiarabu kile ni cha watu wa mahema.

Mama akapandwa na hasira. "Mahema gani? Huyu Mkurdi, bibi! Maana yake shujaa. Nnamjua mimi!"

Mgeni akasifu vitumbua, akauliza taratibu kama shujaa huyo ana jamaa waliobaki kule.

"Ana kaka," akajibu mama, bado akijivuna kwa niaba ya mwenzake.

Jirani aliweka kikombe chini. Niliogopa bila kujua naogopa nini. Mama alielewa baadaye, wageni walipokwisha ondoka, akakaa jikoni hataki kusemeshwa.

Ijumaa ile jirani alikuja kupiga simu kwetu, kwa kuwa ya nyumbani kwake hakuiamini tena. Mama alisimama nyuma yake akisoma dua. Simu ya kaka yake ilipokewa upesi mno. Aliyepokea hakuwa kaka yake. Alikuwa mwanamume mwingine, hana haraka yoyote, na kabla jirani hajajitaja, alimuuliza joto la Maskati likoje.