Saa Moja Angani, na Njia ya Mulenge

Nyiramahoro, muuza mtindi wa Rugenge, hakuwa mwepesi wa kumdharau mtu. Mdogo wake Gatete alimrahisishia kazi hiyo.

Gatete alitoka Norvège, nchi ya Ulaya alikohamia zamani, akasema amekuja kumwona mama yao, Uwacu, anayeishi juu milimani, Mulenge. Wiki ikapita yeye yuko barazani kwa dada yake, soksi nyeupe juu ya kigoda, akiwasimulia majirani habari za ndege. Kutoka Tromsø mpaka Kirkenes, alisema, viwanja viwili vya ndege vya huko kaskazini ya mwisho, kwa gari ni siku nzima ya kuzungukazunguka. Kwa ndege ni kilomita mia nne na kitu, saa moja tu.

"Kahawa haiyapoa, muko munashuka!" akajigamba.

"Na kwa mama utapanda lini?" Nyiramahoro akauliza.

"Yaya, dada yangu mukubwa, ile njia iko mubaya. Mugongo yangu haiwezi pikipiki. Kungekuwa avio ya kuruka mpaka kule juu..."

"Weye ulikuwa unaipanda na bidoo ya maziwa ku kichwa."

Gatete akacheka, akatoa simu kuwaonyesha watu bawa la ndege juu ya theluji. Nyiramahoro alimtazama kama mtindi ulioangukiwa na nzi. Hakumsihi tena. Mtu mzima mwenye miguu miwili, umsihi amwone mama yake?

Kesho yake alimwendea Chadrack, dereva wa pikipiki, wakapanda milima kumchukua mama. Walipofika palipobomoka walishuka wakasukuma. Wakati wa kurudi walimweka mama katikati, Nyiramahoro akimshikilia kwa nyuma, na kwenye mawe akambeba mgongoni, vumbi likimkaba koo.

Gatete aliwapokea kwa kilio kikubwa, simu ikirekodi. Alipomaliza kulia, hakuuliza habari ya safari yao. Alikaa karibu na mama akaanza: Tromsø, Kirkenes, kilomita, kahawa.

Nyiramahoro akasubiri. Uwacu alikuwa na ulimi mkali. Sasa angemweka huyu mpumbavu mahali pake.

Uwacu akapiga makofi. "Saa moja! Mwana wangu! Rudilia tena."

Gatete akarudia. Wanawake walipokuja kusalimia, Uwacu mwenyewe akawahadithia, akiyavuruga majina ya viwanja, kilomita zikiongezeka kila mara. Habari ya nani alimbeba kwenye mawe haikumtoka mdomoni.

Siku ya kuondoka, Gatete alishika sanduku akauliza, "Yaya, sasa mama atarudi namna gani?"

"Ondoka, Gatete."

Akaondoka, na kwa kweli alionekana amefarijika.

Nyiramahoro hakumrudisha mama mlimani. Alimtandikia kitanda chumbani kwake. Kila jioni, akimwosha miguu, anamsikiliza akisimulia habari za mtoto anayeruka angani, naye anaitikia, "Ndiyo, Mama." Hamsahihishi. Dharau aliyo nayo kwa Gatete inawatosha wote wawili, yeye na mama.