Nani wa Kumkaribisha Serwaa?

Serwaa aliporudi mjini Kanye, Botswana, kutoka kwao Ghana, kitu cha kwanza alichofanya ni kufagia nyumba. Kisha akajaza jagi maji ya kunywa, akalipanga mezani na bilauri sita, akajifunga kitenge chake cha heshima, akakaa barazani kungoja watu. Kwao Mampong msafiri akirudi hahangaiki. Anakaa. Majirani ndio wanaokuja, wanapewa maji, wanamwuliza habari za huko alikotoka, naye anazitoa mojamoja mpaka koo limkauke. Ndivyo alivyolelewa. Miaka sita aliyokaa Botswana hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza familia yake kwenda nyumbani na kurudi.

Hakuja mtu.

"Ni joto," alisema mumewe, Boakye, ambaye alifundisha fizikia katika sekondari ya pale na alipenda kila jambo liwe na sababu. "Januari hii hata mbuzi hawatoki."

"Mbuzi wametoka. Nimewaona."

Kesho yake akavaa kitenge kingine. Wakapita watu barabarani, wakatazama baraza, wakatazama mabilauri, wakapita. Jioni Serwaa akayamwaga yale maji kwenye mchicha.

Sasa, mtu atasema haya yote ni ya nini, si aendelee na maisha? Lakini Serwaa alikuwa na yake moyoni. Siku ya kuagana, mama yake alimshika mkono na kumwuliza, "Huko unakokaa, mwanangu, ukipotea nani atakayekuulizia?" Serwaa akajitia kufunga sanduku. Basi mama, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha, akamwambia kibanda chake cha vitambaa sokoni ni cha Serwaa akikitaka, ila ajibu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atapewa binamu yake, Abrefi. Ndani ya ndege Serwaa akakata shauri. Akija mtu hata mmoja kumkaribisha, atabaki Kanye. Asipokuja mtu, Pasaka itamkuta Mampong na binti yao Yaa, na Boakye akipenda afuate, asipopenda abaki na fizikia yake.

Boakye alipoambiwa hayo hakula chakula cha jioni. Aliipenda Kanye, na shule ndiyo kwanza imempa maabara aliyoililia kwa miaka.

"Niongee na majirani kidogo tu," aliomba.

"Thubutu! Karibu ya kuombwa ni karibu hiyo?"

Basi, maskini, akawa anarudi kutoka shuleni anachungulia bilauri kwanza kabla ya kumwamkia mkewe.

Maisha mengine yalirudi yenyewe. Sketi ya shule ya Yaa ilikuwa imegeuka fupi, ikateremshwa pindo. Samaki wakavu walitolewa kwenye sanduku, nyumba nzima ikanuka kama kule kwao. Maji ya bomba yakakatika kama kawaida. Vitambaa vya kuwazawadia majirani vikabaki vimekunjwa kwenye kitanda cha wageni.

Kilichomuuma zaidi ni MmaGorata, yaani Mama Gorata kwa lugha ya pale. Huyu alikuwa mjane wa upande wa pili wa ua wa minyaa, na kabla ya safari yeye na Serwaa walikuwa ulimi na mate. Kuku wa Serwaa walikuwa kwake. Sasa kila asubuhi alifagia uwanja wake akiwa ameipa nyumba ya Serwaa mgongo, tena mgongo wa makusudi.

"Mama," Yaa alisema siku moja aliporudi kucheza, "MmaGorata anauliza tuna harusi?"

"Mwambie hatuna."

"Anauliza sasa hizo nguo ni za nini?"

"Mwambie ni zangu."

Wiki ya pili ikaisha hivyohivyo. Jumamosi asubuhi Serwaa akavua kitenge, akavaa gauni la kuoshea vyombo. Akamwambia Boakye anakwenda kuchukua kuku wake na kuaga. Boakye akakaa kwenye kiti, akaanza kusoma kitabu ambacho baadaye iligundulika alikishika juu chini.

MmaGorata alikuwa mkekani anamenya maharage.

"Hodi."

"Nani?" Hakuinua kichwa.

"Ni mimi. Nimefuata kuku wangu."

"Wewe nani? Mwenye kuku hawa namjua. Kasafiri. Angekuwa amerudi angekuja kuniambia."

"MmaGorata, nimerudi tangu wiki juzi! Unaniona kila siku!"

"Ninayemwona ni mtu kavaa kama bibi harusi, kajikalisha na mabilauri yake, anangoja wakubwa wenzake. Nikasema haya, Ghana wamempandisha cheo. Sisi wa uji wa mtama tukae pembeni."

"Nilikuwa nakungoja wewe!"

Hapo MmaGorata akainua kichwa. "Mimi? Nikufuate? Umeona wapi aliyebaki akamfuata aliyeondoka? Aliyetoka ndiye anayekuja kusema jamani nimerudi!"

"Kwetu msafiri anakaa, watu ndio..."

"Kwenu ni kwenu! Hapa unakaa na nani? Si ungeuliza? Kuuliza kunavunja mguu?" Akayatupa maharage kwenye beseni. "Kila Jumapili nimesimama kanisani, mimi na sauti yangu hii mbaya, naomba ndege yenu isianguke. Haikuanguka. Mkarudi, mkanipita kama kisiki. Mtaa mzima unaniuliza, 'Jirani yako kakuletea habari gani?' Sina! Nasema amechoka. Kesho tena, amechoka. Umenitia aibu, MmaYaa. Na nilikukumbuka, mwanamke wewe, nilikukumbuka vibaya sana!"

Akajifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, maana hakupanga kulia.

Serwaa alikuwa amekuja na maneno yake ya kuaga, yote kayapanga.

"Nisamehe, dada."

"Sikusamehi. Kaa umenye maharage."

Akakaa. Wakamenya mpaka jua la utosi, na MmaGorata hakupumzika. Alimgombeza kwa Yaa kukonda, kwa kilemba kufungwa vibaya, kwa kuku kula kama mafahali. Habari za Ghana hakuziuliza mpaka beseni lilipojaa, na hapo akataka zote.

Alasiri Serwaa akampigia mama yake simu.

"Umeamua?" mama aliuliza.

"Mama, leo nimegombezwa."

"Na nani?"

"Jirani."

"Kakugombeza kidogo?"

"Tangu asubuhi mpaka mchana. Kaanza na mimi, akaja kwenye kilemba changu, akamalizia na kuku."

Makelele ya soko yakasikika kwenye simu, mtu akiita wateja.

"Kama ninavyokugombeza mimi?"

"Kama wewe, mama."

"Haya. Wa kukuulizia yupo. Kibanda nitampa Abrefi," mama alisema, akakata simu bila kuaga, kama anavyofanya siku asizotaka kusikika akilia.