Tetekuwanga ya Fundi Misumari

Katika ukoo wa Fundi Misumari kulikuwa na jambo moja lisilo na mjadala: yeye na pacha wake waliugua tetekuwanga utotoni, wote wawili, kwa pamoja, kitanda kimoja. Pacha alikuwa na ushahidi, kovu dogo juu ya nyusi, limezama kama alama ya kidole kwenye unga. Fundi hakuwa na kovu, lakini hakuna aliyemdai. Wale watoto walinyolewa pamoja, walivishwa sare, na walichapwa pamoja hata kosa likiwa la mmoja. Ugonjwa ungewatenganisha kwa sababu gani?

Jina la Misumari alilipata kazini. Alikuwa fundi wa makochi wa mtindo wa zamani, aliyefundishwa kujaza misumari midogo mdomoni, kuisukuma mmoja mmoja kwa ulimi na kuipigilia kwenye mbao huku mkono wa pili umevuta kitambaa. Akiwa kazini aliongea kwa pembe ya mdomo, na wateja wageni walidhani ana dharau. Hakuwa na dharau. Alikuwa na misumari.

Siku moja aliitwa nyumbani kwa mteja kupima makochi. Juu ya kochi refu alilala mtoto wa kike aliyejaa vipele, amepakwa dawa ya rangi ya waridi.

"Samahani fundi," alisema mama wa mtoto. "Huyu ana tetekuwanga. Labda uje wiki ijayo."

"Hiyo tulishaagana nayo, mama. Mimi na pacha wangu, tukiwa wadogo kuliko huyu."

Akampa mtoto ncha ya utepe wa kupimia aishike, na mtoto akawa msaidizi kwelikweli, akifuata kila kona ya kochi kwa magoti. Wakati wa kuagana alimpigia fundi chafya begani. Fundi akamwambia "afya", akaenda zake.

Wiki mbili na kitu zilipita, kisha jioni moja fundi akafunga karakana mapema. Mwili ulimuuma kama aliyepandisha kabati ghorofani peke yake. Nyumbani alimkuta binti yake, ambaye alikuwa amekuja kukaa na wazazi kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa safari na mimba, ya kwanza, ilikuwa imefika miezi saba. Binti akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Baba, unachemka."

"Uchovu tu, mama."

"Uchovu gani huu wa kukaangia yai?"

Akaleta beseni na kitambaa, akamkanda uso, shingo na mikono. Alikaa kando yake mpaka joto likashuka, akimsimulia vituko vya mumewe, na fundi akasinzia akiwa anacheka.

Kulipokucha, vipele vilikuwa kifuani. Mkewe alivaa miwani, akavitazama kwa karibu, akaivua.

"Ningekuwa sikujui, ningesema tetekuwanga."

"Haiwezekani."

"Si ndiyo maana nikasema ningekuwa sikujui?"

Kabla ya saa sita vilikuwa vimepanda shingoni na vingine vimeshajaa maji. Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda akampigia simu mama yake.

"Mama, hebu nikumbushe. Ile tetekuwanga ya utotoni, tuliugua wote?"

"Wote. Niliwapaka dawa kichwa mpaka kidole, mkawa kama kuta mbili mpya."

"Siulizi nani alipakwa. Nauliza nani alitoka vipele."

"Alitoka mwenzio."

"Na mimi?"

"Wewe ulitoka machozi. Ulilia kutwa nzima kwamba mwenzio kapakwa rangi wewe umeachwa. Nikakupaka, nikapata amani ndani ya nyumba. Mtoto akililia wembe mpe, sembuse dawa?"

"Sasa mbona miaka yote hii unasema tuliugua wote?"

"Mapacha hao, mwanangu! Ningesema imeugua nusu?"

Fundi aliaga kwa heshima na kukata simu. Mkewe alikuwa ameshika mdomo asicheke, ila kicheko kilimtoka puani. "Mtu mzima na ndevu zako! Kweli ukubwa ni jaa."

Lakini fundi hakucheka. Alikuwa akiangalia beseni la jana, bado liko chini ya dirisha, na kitambaa kimekauka ukingoni mwake.

"Huyu mtoto wetu," alisema, "ameshaugua?"

"Ameshaugua. Watoto wote waliugua likizo ile waliyokaa kwa baba yao mdogo, pacha wako."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilipompokea, watoto walikuwa wameshapona. Lakini waliugua wote."

Siku nyingine yoyote jibu hilo lingemtosha. Fundi alirudia neno lile "wote" kimoyomoyo, akaona linamchoma kuliko vipele. Akavaa shati pana, akafunika mdomo na pua, akaenda zahanati kwa miguu, akikwepa watu.

Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimsikiliza mapafu kwa muda mrefu, kwa maana tetekuwanga ya mtu mzima, alisema, ina mkono mzito na hupenda kushuka kifuani. Akamwandikia vidonge vya kupunguza makali ya virusi, akamwambia avianze leo. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mjamzito. Fundi akaeleza habari ya kiganja na beseni.

"Aliwahi kuugua?"

"Familia inasema ndiyo," alijibu fundi. "Familia ilisema hata mimi."

Daktari aliinua macho. "Basi tusiiulize familia. Tuiulize damu. Aje leo, apitie mlango wa nyuma, asikae na wajawazito wenzake."

Fundi hakurudi ndani ya nyumba. Alihamia stoo ya karakana, ng'ambo ya ua, akalala juu ya sponji alizokuwa amenunua kwa ajili ya makochi ya watu. Jibu la damu aliletewa na mkewe siku iliyofuata, akiwa amesimama mlangoni bila hata chembe ya utani. Binti hakuwa na kinga. Hakuwahi kuugua. Siku bado zilikuwa zinaruhusu, kwa hiyo wamemchoma sindano ya kumkinga, lakini daktari amesema sindano hiyo si ngome. Inaweza kuzuia, inaweza kupunguza tu. Ikimpata, mapafu yake na mtoto wote wako hatarini. Kwa hiyo ni kumwangalia karibu mwezi mzima, na kipele kimoja tu kikitokea, asilale nacho, akimbilie zahanati.

"Amesemaje mwenyewe?"

"Amesema umwombe radhi."

"Nimwombe mimi?"

"Umwombe radhi mtoto wa watu aliyekupigia chafya, maana amesikia unamlaani huko stoo."

Pacha alifika siku ya tatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeugua kweli na hakuwa na cha kuogopa. Mke wa fundi alikuwa na binti wa kuangalia. Mgongo wa fundi ulihitaji mpakaji. Pacha alisimama mlangoni akamtazama yule mtu mwenye uso wake, umefurika vipele mpaka kope.

"Mdogo wangu, umekuwa kochi la vifungo."

"Mdogo wako nani? Paka dawa."

Ubishi wa nani alitangulia kuzaliwa ulikuwa na umri wao kamili, na kila mmoja alimwita mwenzake mdogo. Pacha alipaka kwa usufi, kipele baada ya kipele, bila kuruka hata kimoja, huku akisema kuwa hatimaye rangi imempata aliyeililia. Kisha mkono wake ukasimama.

"Ile likizo," alisema, "nimemuuliza mke wangu. Mwanao alikuja mwishoni. Wenzake walishapona. Alikuta dawa imebaki kwenye chupa, wakapakana kwa mchezo."

Fundi akamgeuzia bega la pili. Hakukuwa na wa kumlaumu ambaye hakuwa mtu wake.

Siku zile zilikuwa ndefu. Alikata kucha mpaka zikauma. Alioga maji baridi asubuhi na jioni, akajikausha kwa kujigusagusa na taulo badala ya kujisugua. Mwasho ulipozidi alijipigapiga kwa kiganja kilicholegea, kama mtu anayebembeleza mtoto, na alilala amevaa soksi mikononi. Mdomoni vidonda vilimkaa kwenye ulimi na kaakaa, ikawa maziwa baridi kwa mrija, na msumari hata wa kufikiria haukuwezekana. Kila asubuhi binti alifungua dirisha la jikoni ng'ambo ya ua, akakunja mikono ya gauni na kuinua mikono yote miwili aionyeshe. Hakuna. Fundi aliinua mkono wa soksi kumjibu. Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Vipele vyake vilikauka vyote, magamba yakaanza kudondoka, daktari akamruhusu kurudi ndani. Alirudi amekonda, na makovu mawili puani ambayo mkewe aliyaita hati ya kuzaliwa mara ya pili. Lakini mwezi wa binti ulikuwa haujaisha. Fundi alijifunza kumtazama bila kumtazama: shingo akipokea sahani, visigino akipita, mgongo wa mkono akigawa chai.

"Baba, unanihesabu."

"Nakuhesabu nini? Nakunywa chai."

"Kikombe kitupu tangu mama aondoke mezani."

Fundi akachungulia kikombe, akakiweka chini.

Siku ya kuhakikisha ilipofika alimsindikiza mwenyewe. Daktari alimkagua binti kuanzia ngozi ya kichwa mpaka nyayo, akasikiliza mapafu, akasikiliza tumbo, akasema muda umepita na hakuna kilichotokea. Aendelee na kliniki ya kawaida kama wenzake. Fundi alishukuru mara moja, kwa sauti ya kawaida, akatangulia kutoka nje.

Walirudi taratibu, wakifuata kivuli cha ukuta. Katikati ya njia binti alijikuna kiwiko. Fundi akasimama palepale.

"Mbu, baba."

"Sijasema kitu."

"Umesimama."

"Hebu niletee huo mkono kwenye jua."

Binti akacheka, akaunyoosha. Fundi aliushika kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku, akainama mpaka pua ikakaribia ngozi. Kilikuwa kivimbe kimoja kidogo, chekundu, hakina maji, na pembeni yake kulikuwa na kingine kama hicho.

"Ni mbu," alikiri.

Akaushusha mkono taratibu, akachukua mkoba wa binti yake, wakaendelea na safari.