Nilijumlisha punguzo la 30% na la 20% kununua godoro la mama mkwe, tukarudi kwa miguu

Wakuu, habari za mchana.

Naanza na ujinga wangu kabla hamjauona wenyewe: mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, niliamini punguzo la asilimia 30 ukiongeza la 20 ni nusu bei. Sijasimuliwa, yamenikuta mwenyewe.

Nakaa Biharamulo, upande wa Runazi. Ni mtu wa nyumbani sana. Hata kuku wangu wananizidi kutembea.

Sasa mama mkwe akapiga simu kutoka Ngara: Jumamosi anakuja kutusalimia, atalala.

Godoro tunalo moja, letu. Na mnajua mkwe kulala kitanda cha binti yake na mumewe ni mwiko. Kumlaza kwenye mkeka nako, bora nihame wilaya.

Mjini kuna duka lilibandika ofa: magodoro punguzo 30%, ukija na mwenzako unaongezewa punguzo la 20%. Tano kwa sita ni laki moja na nusu.

Nikapiga hesabu nikiwa nimejilaza. Nusu yake 75,000. Safi kabisa.

Jumamosi asubuhi nikabeba hiyo 75,000 na elfu kumi ya boda za kurudi. Nyingine zote zilishaingia kwenye mchele na nyama ya mgeni. Mwenzangu akawa jirani, Baba Bukuru. Nilimwahidi soda, nikamwambia asibebe hata mia.

Mwenye duka, mama mmoja mwenye Kiswahili cha pwani, akabonyeza kikokotoo: 84,000.

"Mama, thelathini na ishirini si hamsini?"

"Mwanangu, thelathini nimeitoa kwenye laki na nusu, ikabaki laki na tano. Ishirini inatoka kwenye hiyo iliyobaki. Au unataka nipunguze hela nilizokwisha kupunguza?"

Nikalipa, nikabaki na buku. Soda moja, mirija miwili.

Tukaanza safari kwa miguu, godoro kichwani, Baba Bukuru mbele, mimi nyuma. Njiani watu wanauliza, "Wake zenu wamewafukuza wote wawili?" Baba Bukuru hajibu. Hata mimi hanijibu.

Basi somo nikalipata kwenye vumbi: punguzo la pili halianzii juu, linaanzia pale la kwanza lilipoishia. Toa la kwanza, pata bei mpya, ndipo utoe la pili. Na nauli ifiche hata kwenye soksi.

Kama kuna mwingine aliyewahi kujiibia kwa hesabu zake mwenyewe, ajitokeze hapa chini, nisichekwe peke yangu.

Kufika nyumbani, mama mkwe alishatangulia, kakaa barazani. Nilikuwa nimepanga kusema boda iliharibika. Kabla sijafungua mdomo, Baba Bukuru akatua godoro, akafuta jasho:

"Shikamoo mama. Mkweo hesabu hana, ila godoro unalo."