Radi Saba, Mbwa wa Shaba na Uongo wa Shangazi

Shangazi yangu hana ugomvi na muziki. Muziki ndio wenye ugomvi naye. Ameolewa na fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Sponji, na katika ndoa hiyo akapata shemeji, Randa, mdogo wa mumewe, fundi wa fremu za makochi hayo. Wanaume hawa wanapenda roki kuliko chakula. Sponji ni wa Radi Saba. Randa ni wa Mbwa wa Shaba. Mimi na shangazi tunashona vitambaa kwenye kona ya karakana yao, na masikioni mwetu bendi zote mbili ni mabati yanayoburutwa barabarani.

Siku moja Randa akasema Radi Saba sifa zimewazidi. Hawakufungua njia yoyote, walipita tu palipokwisha kufyekwa na Mbwa wa Shaba, wakasifiwa kwa sababu ya nywele. Sponji akajibu kwamba mtu wa fremu zilizopinda hawezi kusikia ngoma iliyonyooka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana fremu za Randa hazijawahi kupinda. Randa akafunga mdomo, kaka yake naye akafunga wake.

Mvua zikaanza, zikaisha.

"Shemeji, muulize huyo bwana, kochi la watu watatu linataka upana gani?" Huyo bwana, kaka yake, amesimama pembeni yake.

"Mwambie macho anayo."

Kochi moja lilitoka na mito mikubwa kuliko kiti chake. Mteja alilitazama, akaondoka bila kuaga. Kisha tukasikia Randa anatafuta chumba upande wa pili wa mji, afungue karakana yake. Siku hiyo shangazi hakula. Alipoolewa, Randa alikuwa bado mwanafunzi. Ni yeye aliyekuwa akimfulia sare.

"Ugomvi wenyewe wa nini?" akaniuliza. "Hao watu wa bendi wanawajua?"

"Hawawajui, shangazi."

"Wamewahi hata kuwasalimia?"

"Wapi!"

"Sasa?"

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini shangazi yangu hana jembe, ana mdomo. Alimwendea mumewe, akamnong'oneza kwamba mdogo wake amekiri: Radi Saba ndio baba wa wote. Kisha akatoka uani, akamwambia Randa kwamba kaka yake amekiri: waliofungua njia ni Mbwa wa Shaba. Akarudi kwenye cherehani anatabasamu. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akaniambia nishone.

Asubuhi iliyofuata Sponji akakohoa. "Nimefikiri," akasema, macho yakiwa kwenye sponji anayoikata. "Bila Mbwa wa Shaba, Radi Saba wangelitoa wapi lile gitaa?"

"Hapana, kaka," Randa akasema. "Mbwa wangu niliwavika sifa tu. Sikiliza ngoma za Radi Saba, utajua nani mwalimu."

"Ngoma gani? Yule mpiga ngoma alikuwa anachelewa!"

"Achelewe wapi? Usiwatukane Radi Saba mbele yangu!"

Shangazi aliacha kushona. Alinitazama, akawatazama, akanitazama tena.

"Huyu si ndiye wa Radi?" akaniuliza, kidole kwa Randa.

"Huyo ni wa Mbwa. Wamebadilishana."

"Kwa nini?"

Hata mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Labda kila mmoja aliona aibu kushinda bure. Labda ni wendawazimu tu wa ukoo.

"Nakuachia ushindi kwa sababu wewe ulikubali kwanza!" Sponji akafoka.

"Nilikubali lini? Nani kakwambia?"

"Mke wangu!"

"Na mimi kaniambia wewe ndiye uliyekubali!"

Wote wawili wakamgeukia. Shangazi akasimama, mkasi mkononi.

"Ndiyo, ni mimi. Na mkitaka ukweli, zote ni kelele. Hakuna iliyofungua njia, hakuna iliyofunga."

"Kelele?" wakasema kwa pamoja.

Wakamkalisha kwenye kochi lisilo na kitambaa, Sponji kulia, Randa kushoto, kaseti ikawekwa, sauti hadi mwisho. Kazi ikasimama.

"Sikia gitaa, shemeji."

"Bado, Randa. Ngoja, linakuja."

"Kweli, kaka. Hapo sasa!"

Walikuwa wanazungumza juu ya kichwa chake, naye katikati machozi yanamtoka. Nikamwonea huruma, nikaenda kupunguza sauti.

"Usiguse hiyo redio," shangazi akaniambia. "Bado wanaongea."