Nyama Yenye Kuona Haya

Mathieu, bwana ya binti yangu Angélique, ni mutu wa kimya. Ukimusalimia asubuhi, jibu inafika chai yako imekwisha kupoa. Kule Nyakasanza, kwenye anaishi na Angélique, banamujua kwa pikipiki yenye matope. Anaenda kwenye pori, upande wa Boga, na batu wa kijiji banamusaidia kufunga kamera kwa miti. Ile kamera haina mwenye kuishika: nyama ikipita tu, picha imetoka. Banatafuta kakakuona, ile nyama ya magamba, bailinde, juu bawindaji banaimaliza.

Basi nilitoka Mahagi kuona nyumba yake mara ya kwanza. Kwetu, mama mukwe hakuli mpaka apewe nyama ya heshima. Akirudi na njaa, ile ndoa ina aibu. Na miye na ulimi yangu nilikuwa nimetuma neno mbele: "Nataka kakakuona. Marehemu baba ya Angélique aliniletea moja, magamba yake tukaezeka nayo kanisa."

Nikakaa nyuma ya pazia, maana mama mukwe na mukwe habaangaliane uso. Angélique akaleta fufu ya muhogo na samaki ya ziwa. Sikugusa. Nikamusikia analia jikoni.

"Mukwe," nikaita, "nyama yangu iko wapi?"

Mukono ukapita chini ya pazia, umeshika picha.

"Ni huyu, mama."

"Nitamukaanga na mawese, ao nimutafune na karatasi yake?"

Nikangojea jibu. Karibu nilale.

"Mama, batu wa kijiji banajua shimo yake. Hakuna aliyemugusa, hata siku ya njaa. Angalia kwa mukia."

Nikaangalia. Mutoto mudogo amepanda mukia ya mama yake, amelala. Na yule mama ameinama, uso ameuficha kifuani.

"Anaficha uso juu ya nini?"

"Anaona haya, mama. Kama miye hapa."

Loo! Nilicheka mpaka pazia ikatikisika. Mwenye kunificha uso ni mukwe wangu, na mukwe haliwi.

"Angélique! Acha kulia, leta maji ya kunawa! Samaki inapoa."

Nilikula mpaka mifupa ikaniomba huruma.

Kurudi Mahagi, banamuke bakanizunguka: "Mukwe alikupa nyama?"

"Mbili," nikabajibu. "Mama na mutoto. Na mpaka sasa bangali banatembea."